Kadi ya Sherehe Huanza na Majina: Namna ya Kuchagua na Kutumia Fonti za Mwandiko

Anayetengeneza kadi ya harusi, cheti cha kuhitimu au ratiba ya ibada ya kusimikwa kwa askofu hutamani maandishi yafanane na hadhi ya siku yenyewe, na kwa hivyo huziendea moja kwa moja fonti za mwandiko, yaani zile zilizochorwa kwa kufuata hati ya kalamu, herufi zikishikana na zile kubwa zikipambwa kwa mikia na vitanzi. Chaguo hilo ni sahihi. Tatizo ni kwamba wengi huchagua fonti kwa kutazama sampuli ya aliyeichora, ambayo mara nyingi ni maneno ya Kiingereza yaliyoteuliwa ili kila herufi ionekane katika umbo lake zuri kabisa. Kadi inayotoka Kisumu, Kakamega, Bungoma au Nakuru haibebi maneno hayo. Hubeba majina ya Atieno, Wekesa, Chepkoech na Ng'etich, na majina hayo ndiyo yanayopaswa kuamua ni fonti ipi itumike.

Kuijaribu fonti kwa majina

Orodhesha kwanza majina yote yatakayoandikwa kwa mwandiko: ya bibi harusi na bwana harusi, ya wazazi wa pande zote mbili ikiwa familia imeamua yapambwe pia, na ya kanisa au ukumbi ikiwa yatawekwa kwenye kichwa cha kadi. Tovuti ya Google Fonts humruhusu mtu kuandika maneno yake mwenyewe na kuyaona katika kila fonti kabla ya kuipakua, kwa hivyo jaribio hili halina gharama. Yatazame majina hayo kwa ukubwa yatakaokuwa nao kwenye karatasi, si yakiwa yamejaza skrini nzima ya kompyuta, kwa maana kila fonti hupendeza ikikuzwa.

Jambo la kuchunguza kwa makini zaidi ni herufi ya kwanza. Katika majina ya Kijaluo, herufi hiyo ndiyo inayotenganisha mwanamume na mwanamke: Otieno na Atieno, Ochieng' na Achieng', Owuor na Awuor, Onyango na Anyango. Sasa, zipo fonti za mwandiko zinazoandika A kubwa kwa umbo la a ndogo iliyokuzwa, yaani duara lenye kijiti upande wa kulia. Duara hilo likishavikwa kitanzi cha juu, tofauti kati yake na O hubaki kijiti kimoja chembamba, na kijiti hicho ndicho cha kwanza kupotea kadi inapochapishwa kwa wino hafifu. Mgeni anayesoma kwa haraka atasoma Otieno mahali palipoandikwa Atieno, na kadi itakuwa imempa bibi harusi jina la kaka yake. Kwa kadi ya familia ya Kijaluo, basi, ni afadhali kuchagua fonti ambayo A yake ina kilele na upau katikati, hata kama mapambo yake mengine ni ya kiasi.

Kwa Wabukusu hali ni hiyo hiyo, ila herufi zinazohusika ni W na N: Wekesa na Nekesa, Wafula na Nafula, Wanjala na Nanjala, Wamalwa na Namalwa. Herufi hizi mbili hujengwa kwa mistari ya kupanda na kushuka, na msanii anapoanzisha kila moja kwa kitanzi kirefu upande wa kushoto, jicho hukosa mahali pa kuhesabia pembe zake. Ziandike sambamba, moja juu ya nyingine, na umwombe mtu asiyeijua familia hiyo azisome kwa sauti. Akisita hata kidogo, fonti hiyo haifai kwa kadi hiyo. Jaribio hilo hilo lifanyike kwa I na J, ambazo katika hati ya duara ya Kiingereza (aina ya mwandiko itakayoelezwa hapa chini) hutofautiana kwa urefu wa mkia tu, hivyo Imali huweza kusomwa Jmali na Jepkosgei akapoteza mwanzo wa jina lake; na kwa T na F, ambazo hutenganishwa na upau mdogo wa katikati, jambo linaloweza kumsumbua kila Truphena na kila Florence, na majina hayo ni mengi katika eneo la Magharibi.

Kisha kuna ritifaa. Katika Ng'etich, Ng'eno, Nyong'o, Ochieng' na Ng'ang'a, alama hiyo ni sehemu ya sauti ya jina. Fonti nyingi za mwandiko zilichorwa na watu ambao katika lugha zao ni nadra ritifaa kukaa katikati ya jina, na kwa hivyo g imepewa mkia unaopanda kwenda kulia ili uikute herufi inayofuata. Ritifaa ikiingia kati, mkia huo huishia hewani, pengo hutokea, na jina moja huonekana kuwa mawili, Ng' upande huu na etich upande ule. Kasoro hii hurekebishwa kwa mkono. Katika Word, teua ritifaa peke yake, ufungue dirisha la fonti, na katika sehemu ya mipangilio ya ziada upunguze nafasi kwa pointi (kipimo cha ukubwa wa herufi) moja moja hadi herufi inayofuata isogee karibu. Kisha uiteue g na kufanya vivyo hivyo, mpaka mkia wake uiguse e na ritifaa ibaki imeelea juu ya kiungo hicho. Hakikisha pia kwamba ritifaa yenyewe ni ile iliyopinda kuelekea kushoto, si kijiti kilichosimama wima, kwa sababu kijiti cha wima katikati ya herufi zilizoinama huonekana kama doa. Wapo wanaoiondoa kabisa ili kadi ipendeze. Kufanya hivyo ni kubadilisha jina la mtu katika siku ambayo jina hilo linatajwa mbele ya ukoo mzima, na familia ina haki ya kuirudisha kadi ya namna hiyo.

Asili ya umbo na udhaifu wake

Aina inayopendwa zaidi kwa shughuli rasmi ni ile inayotokana na hati ya duara ya walimu wa mwandiko wa London. Mchongaji George Bickham aliichonga kwenye mabamba ya shaba na kuitoa kwa sehemu kati ya mwaka 1733 na 1741, na kutokana na mabamba hayo hati hiyo ilienea hadi kwenye vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara na hati za kiserikali. Iliandikwa kwa kalamu ya unyoya iliyochongwa ncha kali, na baadaye kwa nibu ya chuma inayonyumbuka. Nibu hiyo inapokandamizwa kwenye mstari unaoshuka hufunguka na kutoa wino mwingi. Inapopanda hujifunga na kuacha mstari mwembamba kama unywele. Uzuri wote wa hati hii umo katika tofauti hiyo kati ya unene na wembamba, na udhaifu wake wote umo humo humo, kwa sababu mstari mwembamba ndio unaounganisha herufi na ndio unaokatika kwanza. Mwaka 1965 Matthew Carter aliigeuza hati ya mwalimu mmoja wa enzi hizo, Charles Snell, kuwa fonti ya Snell Roundhand, ambayo leo hupatikana katika kompyuta za Apple. Asiye na kompyuta hizo anaweza kutumia Pinyon Script ya Nicole Fally, iliyo ya ukoo huo huo, au Great Vibes ya Robert Leuschke, zote zikiwa na leseni huria inayoruhusu hata duka la uchapishaji kuzitumia kwa kazi ya malipo bila kulipa ada.

Aina ya pili hufuata nibu bapa, ambayo unene wake hautokani na kukandamiza bali na pembe ambayo kalamu imeshikwa. Tangerine ya Toshi Omagari ni ya aina hii, ikifuata miandiko ya Kiitalia ya karne ya 16 na 17, na Monotype Corsiva, ambayo wengi tayari wanayo kwa kuwa imekuja na Office, ni jamaa yake wa karibu. Mjerumani Hermann Zapf alikwenda mbali zaidi katika Zapfino, iliyotolewa mwaka 1998, ambayo mikia yake hupanda na kushuka mno hivi kwamba neno moja huhitaji nafasi ya mistari mitatu. Kwa maoni yangu aina hii ya nibu bapa haithaminiwi inavyostahili huku kwetu. Haina mng'aro wa hati ya duara, lakini mistari yake myembamba si myembamba sana, herufi zake kubwa hazijifichi ndani ya vitanzi, na jina refu kama Nakhumicha hubaki linasomeka hata likipunguzwa. Pale ambapo majina ni mengi na kadi ni ndogo, ningeanza na hii.

Nini kiandikwe kwa mwandiko, nini kisiandikwe

Kanuni ninayoifuata ni kwamba mwandiko ni wa majina ya wanaoheshimiwa siku hiyo, na pengine mstari mmoja mfupi wa kukaribisha. Yaliyobaki yote yaandikwe kwa herufi za kawaida za kitabu. Sentensi kama "Familia ya Bw. na Bi. Barasa wanayo furaha kubwa kukualika kwenye harusi ya binti yao mpendwa" ni ndefu mno kwa mwandiko, kwa kuwa Kiswahili kina k nyingi, l nyingi na h nyingi, herufi zenye shingo ndefu, na zikifuatana kwa mistari mitatu hujenga kichaka ambacho jicho haliwezi kupenya. Ikiwa imeandikwa kwa herufi tulivu, sentensi hiyo hiyo huyaacha majina ya maarusi yasimame peke yake katikati ya kadi.

Kwa herufi hizo tulivu napendekeza Libre Baskerville, nayo ni ya bure. John Baskerville wa Birmingham alikuwa mwalimu wa mwandiko na mchongaji wa maandishi ya mawe ya makaburi kabla ya kuanza kuchora herufi za chapa, na hati ya duara imo ndani ya herufi zake, kwa hivyo hukaa kando ya Pinyon Script bila kugombana nayo. Kuweka pamoja fonti mbili za mwandiko kwenye kadi moja ni kosa ambalo hakuna mpangilio unaoweza kulifunika.

Tarehe, saa, mahali na nambari za malipo zisiandikwe kamwe kwa mwandiko. Katika fonti nyingi za aina hii 1 na 7 hukaribiana, na 4 iliyo wazi juu hufanana na 9. Mgeni atakayefika saa moja baadaye, au atakayetuma mchango wake kwa nambari ya M-Pesa isiyo sahihi, hatakuwa amekosea yeye.

Herufi kubwa tupu nazo ziepukwe. Herufi kubwa ya mwandiko ilichorwa ili iongoze herufi ndogo, si kusimama na wenzake, na jina NEKESA likiandikwa lote kwa herufi kubwa huwa msongamano wa vitanzi vinavyopandana. Hata vyeo vya heshima, Dkt., Mhe. na Kasisi, ni vyema viandikwe kwa herufi za kawaida, vidogo, juu ya jina.

Ukubwa na nafasi

Kadi nyingi za harusi huchapishwa kwa A5, yaani milimita 148 kwa 210, au nusu yake, A6. Kwenye A5, majina ya maarusi yakiwa kati ya pointi 36 na 48 hukaa vizuri, huku maelezo yakiwa ya pointi 10 au 11. Fonti ya mwandiko ina herufi ndogo zilizo fupi ikilinganishwa na zile kubwa, kwa hivyo pointi 14 za mwandiko huonekana kama pointi 8 za maandishi ya kawaida. Chini ya kiwango hicho, mzee aliyesahau miwani yake hataona kitu.

Usiongeze nafasi kati ya herufi. Fonti zinazoshikana hukokotolewa ili mwisho wa herufi moja ukute mwanzo wa nyingine, na nafasi ikiongezwa hata kidogo viungo vyote hukatika kwa pamoja. Usiikoleze kwa kitufe cha B, kwa kuwa programu hunenepesha kila mstari sawasawa na kuua ule utofauti tuliousema, wala usiilaze kwa kitufe cha I, kwani tayari imelala. Nafasi kati ya mistari ndiyo inayohitaji ukarimu: y na g za Onyango zikishuka, na k na b za jina la chini zikipanda, hukutana. Ongeza nafasi hadi zisigusane, au panga majina yapishane, la kwanza kushoto, "na" ndogo katikati, la pili kulia chini.

Fonti nyingi huja na maumbo mbadala ya herufi, kama vile t yenye upau mrefu au y ya mwisho yenye mkia wa kurudi nyuma. Word imekuwa ikiyatoa maumbo hayo tangu toleo la 2010, katika sehemu ile ile ya mipangilio ya ziada, na hapo pia kuna kisanduku cha kuruhusu herufi zijibadilishe kulingana na jirani zake, ambacho ni vyema kiwashwe daima. Pambo moja kwa jina linatosha, nalo likae mwishoni mwa jina la mwisho, mahali ambapo hakuna herufi ya kuligonga.

Vyeti vina shida yao ya pekee, kwa sababu fonti haichaguliwi kwa jina moja bali kwa orodha nzima. Shule au chuo kinapoiachia programu iyajaze majina kutoka kwenye orodha, tafuta kwanza jina refu kuliko yote, mathalani Nakhumicha Wanyonyi Emmanuel, uweke ukubwa unaolitosha, kisha utumie ukubwa huo huo kwa kila mtu. Si haki mwanafunzi mmoja apate jina la pointi 40 na mwenzake la pointi 22 eti kwa kuwa la pili ni refu. Mapambo ya mwisho wa jina yazimwe kabisa, maana hakuna anayeweza kukagua kila mkia katika vyeti mia kadhaa.

Kuipeleka kazi kwa mchapaji

Faili la Word likipelekwa dukani kwenye flashi, kompyuta ya pale isiyo na fonti yako itaweka nyingine bila kuuliza, na kadi itatoka kwa herufi ambazo hukuzichagua. Hifadhi kazi kama PDF yenye fonti ndani yake, au, ikiwa unatumia programu ya kuchorea kama Inkscape, geuza maandishi yawe michoro kabla ya kuyatuma, huku ukibaki na nakala inayoweza kurekebishwa. Rangi ya kadi ikifika ukingoni, ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa.

Mstari mwembamba kuliko robo ya pointi, ambayo ni karibu sehemu ya kumi ya milimita, uko hatarini. Hatari hiyo huongezeka mwandiko unapochapishwa kwa rangi iliyochanganywa kutokana na wino kadhaa, kwani bamba moja likisogea kidogo mstari hupata kivuli. Chagua rangi ya wino mmoja, na nyeusi bado ni bora. Mwandiko mweupe juu ya rangi nzito huelekea kuzibwa na wino unaosambaa. Karatasi ya gramu 250 hadi 300 inafaa, lakini iwe laini, kwa sababu printa ya leza haifikishi unga wake kwenye mabonde ya karatasi yenye mikwaruzo, na mistari myembamba hutokea ikiwa vipande vipande. Mjini Kisumu, ambako hewa ya ziwa ina unyevu, karatasi ikae ndani ya kifungashio chake hadi saa ya kuchapa ili isijikunje. Omba nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika, na mama wa bibi harusi aisome akiwa ameishika mkononi kabla ya kazi nzima kuanza.

Wageni wengi, hata hivyo, wataiona kadi kwanza kwenye WhatsApp, ambayo huibana picha na kufuta mistari myembamba. Tengeneza toleo la pekee la simu, lililosimama wima, majina yakiwa makubwa zaidi na maelezo yakiwa machache, na ulitume kama hati badala ya picha ili lisibanwe. Chini yake andika, katika ujumbe wa kawaida, majina kamili ya maarusi pamoja na ritifaa zake, tarehe, mahali, na nambari ya mchango, ambayo mgeni ataweza kuinakili kwa kidole bila kuikisia.